Buluu Inayoogopa Moto

Sufuria la Bibi Buluu lilikuwa na sheria tatu. Moto kwanza. Rangi ndani ya moto. Ndimu mwisho.

Kila asubuhi alizifuata sheria hizo bila kuzitaja. Alichemsha sukari na maji mpaka mapovu yakawa makubwa. Alifungua kikaratasi, akanyunyiza unga, na sufuria zima likageuka buluu. Mwisho alikamua ndimu mbili. Mkwewe alimimina ule uji mzito kwenye vibati na kuchomeka vijiti. Ukipoa, ulikuwa pipi. Pipi hizo ziliisha kwenye geti la shule kabla mapumziko hayajafika nusu.

Jina lake halisi watu walishalisahau. Walimwita Bibi Buluu kwa sababu ya kucha zake. Zamani alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha kutia nguo rangi. Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa kama chuma chakavu, lakini kucha zilibaki buluu. Watu walidhani ni rangi ya kiwanda iliyogoma kutoka. Hawakujiuliza kwa nini hata ukucha mpya uliota ukiwa buluu.

Mwonjaji wa sufuria alikuwa mjukuu wake wa miaka minane. Walimwita Kidomo, maana mdomo wake haukuwa na breki. Mama yake, yule mkwe wa bibi, naye akawa Mama Kidomo, apende asipende. Kila asubuhi kabla ya shule Kidomo alilamba kijiko cha mwisho, akatoa ulimi nje.

"Bibi, tazama! Huu bado ni wa jana!"

"Wa jana kweli?"

"Wa jana! Nimepiga mswaki mara mbili, na bado!"

Watoto wa shule walishindana hivyo. Ulimi uliokaa buluu siku mbili ulikuwa bingwa.

Jumatatu moja Kidomo alilamba kijiko, kisha akala pipi tatu shuleni. Saa sita mchana mwalimu alimleta nyumbani amemshika mkono. Midomo ya mtoto ilikuwa imevimba. Shingo ilikuwa na vipele. Alijikuna mpaka ngozi ikawa nyekundu, kisha akatapika, na matapishi yalikuwa ya buluu.

Mama Kidomo alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Bibi Buluu aliwafuata mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Muuguzi alimpa mtoto dawa. Uvimbe ulipungua. Kisha muuguzi aliutazama ulimi wa mtoto, akautazama mkono wa bibi.

"Amekula nini huyu?"

Bibi Buluu aliuficha mkono chini ya kanga.

Kesho yake asubuhi mtoto alikuwa mzima. Bibi Buluu alifurahi mno. Alikoroga uji wa kawaida, akachota kijiko, akakipuliza.

"Njoo, mwonjaji wangu."

Kidomo aliweka mikono nyuma.

"Sitaki."

"Ni uji tu, mjukuu wangu. Hauna kitu."

"Sitaki cha mkono wako, bibi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema nje kuna mvua. Bibi Buluu alibaki ameshika kijiko hewani mpaka uji ukapoa.

Saa nne hodi ilipigwa. Alikuwa ofisa wa afya, mtu mwembamba mwenye mkoba uliochakaa. Mtaani walimwita Bwana Afya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua umefuata nini. Kaa."

Bwana Afya hakukaa. Aliomba kuona kikaratasi cha rangi. Aliufikicha ule unga kidogo kati ya vidole, akatazama kilichobaki kwenye ngozi yake.

"Unanunua wapi?"

"Sokoni, kwa muuza rangi. Anachota kwenye pipa. Nilimuuliza siku ya kwanza, akasema ni ya chakula."

"Pipa lenyewe umelisoma?"

Bibi Buluu alijua kusoma. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kiwandani, kwa kufuata herufi kwenye magunia huku msimamizi akimcheka. Swali lile lilimchoma.

"Limegeukia ukuta," alisema.

"Basi twende tukaligeuze."

Walikwenda wote watatu, Mama Kidomo akiwa nyuma. Muuza rangi aliwaona kwa mbali, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Hilo pipa linakaa vizuri hivyo hivyo, mama yangu. Halipati vumbi."

"Vumbi litakuwa juu yangu," alisema Bibi Buluu. Aliweka bega kwenye pipa, akasukuma. Pipa lilikwaruza sakafu, likazunguka taratibu. Maandishi mekundu yakatokea.

Aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akasoma kwa sauti, silabi moja moja.

"Ra-ngi ya ngu-o na ngo-zi. Si kwa cha-ku-la. Va-a gla-vu."

Alisimama hapo. Akarudia lile la mwisho.

"Vaa glavu."

Miaka na miaka alitumbukiza mikono katika rangi ya namna ile. Hakuna aliyempa glavu, hata moja. Alikuwa na shoga yake kiwandani, mwanamke aliyeitwa Mrefu. Mrefu alianza kukojoa damu. Msimamizi alisema, "Kunyweni maziwa, rangi itatoka." Wakanywa maziwa. Mrefu akafa akiwa na miaka thelathini na sita, na kiti chake kikapata mtu mwingine siku ya tatu. Bibi Buluu alihesabu siku hizo. Hakuzisahau. Wenye kiwanda walijua kilichoandikwa kwenye mapipa. Wanaojua huwa wapo siku zote. Tatizo ni kwamba hawakai karibu na pipa.

Lakini sasa nani alikaa karibu na sufuria?

"Nilijua," alimwambia mkwewe, kwa sauti ya chini. "Nilimuuliza huyu bwana kwa sababu nilitaka kuambiwa ndiyo. Vidole vyangu vilijua."

"Mama, usijitese."

"Acha nijitese kidogo. Nimechelewa."

Bwana Afya alimwandikia muuza rangi onyo la kisheria. Aliruhusiwa kuuza unga ule kwa wanaotia nguo rangi tu. Kisha akamgeukia Bibi Buluu.

"Kupika sikukatazi, mama. Nakukataza unga huu. Nitarudi baada ya siku saba. Nikiukuta, nafunga jiko."

"Na watoto wanataka buluu. Pipi nyeupe nimuuzie nani?"

"Ipo buluu inayoliwa. Nje ya mji kuna mabwawa. Wanafuga viumbe vidogo mno vya majini, na wana kibali. Nenda ukawaulize."

"Viumbe?" Mama Kidomo alikunja uso. "Yaani wadudu?"

"Nenda ukaulize," alirudia Bwana Afya, akafunga mkoba.

Siku iliyofuata Bibi Buluu alikwenda peke yake. Getini alimkuta msichana mwenye mabuti ya mpira na kofia ya kufunika nywele zote. Alikuwa fundi wa mabwawa. Alimuuzia kopo dogo la unga wa buluu.

"Bibi, ngoja nikueleze namna ya kuutumia."

"Mjukuu wangu, mimi nimepika rangi kabla mama yako hajaota meno."

"Lakini hii, bibi..."

"Asante. Siku njema."

Akaondoka na kopo lake. Hapo ndipo alipojikwaa.

Nyumbani alifuata sheria zake tatu. Moto kwanza. Sukari ikachemka. Rangi ndani ya moto. Sufuria likawa buluu, buluu nzuri kuliko ile ya pipa, na Mama Kidomo akapiga makofi. Kidomo alikuwa mlangoni, mikono kifuani, akitazama bila kusogea.

Mapovu matatu, manne. Buluu ikaanza kufifia. Ikawa rangi ya moshi.

"Ndimu!" alisema Bibi Buluu. "Haijashika. Lete ndimu!"

Alikamua ndimu mbili. Akaongeza ya tatu. Rangi ikakata roho kabisa. Vipande vidogo vya kijivu vikaelea juu.

Kidomo alisogea hatua moja, akachungulia.

"Maji ya kuoshea vyombo," alisema, akaenda zake.

Bibi Buluu hakulala vizuri. Asubuhi alibeba sufuria lenyewe, na mkwewe akashika mfuniko. Walifika mabwawani wakitoka jasho.

"Wewe binti! Umeniuzia mbuzi kwenye gunia! Tazama!"

Fundi wa mabwawa alitazama ndani ya sufuria. Hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza.

"Shikamoo, bibi. Mliichemsha?"

"Tuliichemsha, ndiyo! Rangi gani isiyochemshwa?"

"Na ndimu mkatia?"

"Bila ndimu itashikaje?"

"Itashika wapi, bibi?"

Bibi Buluu aliinamia sufuria lake. Itashika wapi? Kwenye nyuzi, bila shaka. Kwenye sufu, kwenye hariri. Moto unaifungua rangi ya nguo, tindikali inaifunga. Sheria tatu za sufuria lake zilikuwa sheria za kiwanda. Miaka yote hii alikuwa akipika pipi kama anayetia shati rangi.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nieleze sasa," alisema. "Na usinionee huruma."

Fundi aliwapeleka kwenye mabwawa. Yalikuwa ya saruji, marefu, yamefunikwa kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Gurudumu lilikoroga maji polepole. Maji yalikuwa ya kijani kizito.

"Kijani?" alisema Mama Kidomo. "Si mlisema buluu? Na kijani hiki si ndicho kilichojaa kwenye mtaro wa kwetu? Tungechota bure!"

"Usithubutu, dada!" Fundi alishtuka. "Maji ya kijani hayafanani. Mengine yana viumbe vyenye sumu. Ng'ombe akinywa anaweza kufa pale pale. Hapa tunajua tunafuga nini. Maji yanapimwa, mavuno yanapimwa, na karatasi za vipimo hizi hapa ukutani. Mtu akikuuzia rangi ya chakula bila karatasi, mwache na rangi yake."

Aliwaingiza katika chumba kidogo cheupe. Mezani palikuwa na unga wa kijani, mavuno ya bwawa yaliyokaushwa. Kabla ya kuanza, alifungua sanduku, akatoa glavu. Akavaa mbili. Akampa Bibi Buluu mbili.

"Vaa, bibi. Tunashika chakula cha watu."

Bibi Buluu alizipokea. Alizitazama muda mrefu kiasi kwamba fundi akadhani hazimtoshi.

"Nikuletee kubwa zaidi?"

"Zinatosha, mjukuu wangu. Zinatosha kabisa." Alizivaa, kidole kimoja kimoja. Mama Kidomo alitazama pembeni.

Fundi alitia unga wa kijani katika maji baridi, akakoroga, akasubiri, kisha akachuja kwa kitambaa safi. Kijani kilibaki kwenye kitambaa. Kilichodondoka bakulini kilikuwa buluu tupu.

"Kumbe ilikuwa imejificha ndani," alisema Mama Kidomo.

"Ndani ya kila kiumbe kuna rangi mbili, kijani na buluu. Maji baridi yanaitoa buluu peke yake. Sasa, bibi, sikiliza. Hii buluu ni aina ya protini. Umeshawahi kukaanga yai?"

"Swali gani hilo?"

"Ule ute mwepesi ukipata moto unakuwaje?"

"Unaganda, unakuwa mweupe."

"Na ukiutoa motoni, unarudi kuwa maji?"

"Haurudi."

"Na maziwa ukiyatia ndimu?"

"Yanakatika." Bibi Buluu alipiga paja. "Basi nimeikaanga kama yai, halafu nikaikata kama maziwa!"

"Siku moja, sufuria moja," alisema Mama Kidomo, na wote watatu wakacheka. Hata sufuria lenyewe pale mlangoni lilionekana kuchekesha.

"Na jua nalo linaifubaza," aliendelea fundi. "Moto, ndimu, jua. Maadui watatu. Na rangi hii iko uchi. Hatuwezi kuipeleka kwenye chakula ikiwa uchi. Tunaivika koti."

"Koti la nini?"

Fundi alichukua unga mweupe unaotokana na mwani, akaukoroga ndani ya maji ya buluu mpaka yakawa mazito kama uji. Kwenye bakuli jingine aliyeyusha chumvi ya kalsiamu, ile inayoruhusiwa kwenye chakula. Alivuta uji wa buluu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akaanza kuudondosha kwenye maji yale. Kila tone lilipogusa maji, liliganda ngozi. Halikuyeyuka. Lilizama likiwa punje laini ya buluu.

"Mwani ukikutana na kalsiamu unajifunga. Rangi inabaki ndani. Hilo ndilo koti."

Bibi Buluu aliinama, pua karibu na bakuli.

"Punje zako zina mikia," alisema.

"Ndiyo, bibi. Hunishinda kila siku. Zinatoka kama viluwiluwi."

"Umeshika juu mno. Na unafinya kwa haraka, kama mwenye ugomvi. Lete."

Alichukua bomba. Mkono wake wa zamani ukatulia hewani. Tone. Tone. Tone. Kila punje ilitoka mviringo, sawa na mwenzake, kama shanga za uzi mmoja. Fundi alisogeza kiti karibu.

"Bibi! Hii umejifunzia wapi?"

"Kiwandani. Miaka mitano ya kwanza nilidondosha nta kwenye vitambaa kabla ya kwenda kwenye mapipa. Tone la nta hapa, tone pale. Penye nta, rangi haiingii. Ukitoa nta, panabaki doa jeupe. Watu wanasema, lo, kitambaa kizuri."

Tone likaning'inia kwenye ncha ya bomba, lisidondoke.

"Ala! Ni kitu kile kile. Kule nta ilikinga kitambaa dhidi ya rangi. Hapa koti linakinga rangi dhidi ya chakula."

"Ndivyo hasa, bibi. Mimi nilisoma miaka mitatu kulielewa hilo."

"Mimi nililifanya miaka mitano bila mtu kuniambia nafanya nini." Hasira ilipita usoni mwake, kisha ikapata kazi ya kufanya. "Haya. Sasa nikishaivika, naichemsha?"

"Hapana!"

"Si ina koti?"

"Bibi, wewe ukivaa koti ukaingia kwenye tanuri, utatoka mzima? Koti linasaidia. Linachelewesha ndimu, linapunguza makali ya joto. Lakini si ukuta wa chuma. Achana na pipi za kuchemsha. Tafuta chakula cha baridi."

Mama Kidomo akainua kidole kama mwanafunzi.

"Mtindi," alisema. "Tuna jokofu. Maziwa tunachemsha kwanza, yanapoa, yanaganda. Yakishaganda na kuwa baridi, ndipo tunatia shanga za mama."

"Mtindi ni mchachu kidogo," alisema fundi, "na ndiyo maana rangi uchi huharibika humo. Yenye koti itavumilia. Siku ngapi? Msiniamini mimi. Jaribuni wenyewe, mwone."

"Na bei?" aliuliza Mama Kidomo. "Hii ni ghali kuliko ya pipa."

Bibi Buluu ndiye aliyejibu.

"Ya pipa nayo ni ghali. Ila bei yake analipa mtoto, na analipa baadaye."

Walirudi na kopo jipya, unga wa mwani, chumvi ya kalsiamu na bomba la sindano. Safari hii Bibi Buluu aliuliza kila kitu mara mbili, mpaka fundi akamwandikia karatasi.

Wakaandaa vikopo vitatu vya mtindi. Cha kwanza kilitiwa rangi uchi na kuwekwa kwenye jokofu. Cha pili kilitiwa shanga na kuwekwa hapo hapo. Cha tatu kilitiwa shanga na kuachwa dirishani, juani. Hicho hakikuwa cha kuliwa, kilikuwa cha kujifunzia. Bibi Buluu aliandika namba kwenye kila kikopo na kuviangalia asubuhi na jioni, kama mtu aliyelaza wagonjwa.

Siku ya kwanza vyote vilipendeza. Siku ya pili kikopo cha kwanza kilipauka, kikawa na mabaka. Cha dirishani shanga zilianza kuwa kijivu. Siku ya tatu cha kwanza kilikuwa cha kutupa, cha dirishani vile vile. Cha pili? Shanga zilikuwa buluu, na mtindi wenyewe ulikuwa mweupe, ila kivuli kidogo cha rangi kuzunguka kila punje.

"Inachuja kidogo," alisema Mama Kidomo.

"Basi tutauza ya siku mbili tu. Ya tatu tunakula wenyewe. Ya nne hakuna anayeila." Bibi Buluu aliichukua kalamu. "Andika hilo. Kitu kisichoandikwa ni kama pipa lililogeuziwa ukuta."

Kidomo alikuwa mlangoni kama kawaida. Wiki nzima alikula chakula cha mkono wa mama yake tu. Bibi yake hakumlazimisha. Alipakua, akaweka sahani mezani, akaondoka, ili mtoto asilazimike kukataa mara ya pili. Lakini siku ya sita tangu onyo la Bwana Afya, Bibi Buluu akiwa anadondosha, mdomo usio na breki ulishindwa kuvumilia.

"Bibi, hiyo shanga inaingiaje kwenye koti bila vifungo?"

"Nawa mikono uje uone."

Kidomo alinawa mpaka kwenye viwiko. Glavu zilikuwa kubwa, vidole vikaning'inia kama vya kinyago. Alifinya bomba. Tone lake lilikuwa na mkia mrefu.

"Kiluwiluwi!" alipiga kelele.

"Cha kwanza changu kilikuwa kibaya zaidi. Tena."

La tano lilitoka mviringo. Kidomo aliinama. Alilitazama tu ndani ya bakuli, likiwa buluu, likiwa lake.

Siku ya saba Bwana Afya alipiga hodi. Alikagua jiko, sufuria, jokofu. Alisoma karatasi za mabwawa. Alinusa, akapekua kabati, akaingiza mkono nyuma ya gunia la sukari. Hakukuta kikaratasi hata kimoja. Alichukua vikopo viwili vya kwenda kupimwa maabara.

"Jiko liko sawa, mama. Majibu ya maabara yakija, mtauza. Kabla ya hapo msiuze." Akatazama mezani. "Na huu, nani anaonja kwanza?"

"Mwonjaji wangu alijiuzulu," alisema Bibi Buluu. "Nitaonja mwenyewe."

Alishika kijiko. Kabla hakijafika mdomoni, mkono mdogo ulivuta kikopo.

"Subiri. Sijasoma."

Kidomo aliweka kidole kwenye kifuniko. Mwandiko ulikuwa wa bibi yake, herufi kubwa, zimenyooka kama askari. Alisoma kwa sauti.

"Mtindi. Maziwa, sukari, buluu ya viumbe vya majini, mwani, kalsiamu. Weka kwenye baridi. Usiache juani. Kula ndani ya siku mbili. Mtoto anayetokwa na vipele aanze na kidogo, na mama awe karibu."

Akageuka. "Mama, uko karibu?"

"Niko hapa."

"Na hii umeipika wewe, bibi? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Kidomo alichukua kijiko kutoka kwenye mkono ule ule. Alichota kidogo, shanga mbili tu. Akatafuna. Alimeza, akasubiri, akajipapasa shingo. Robo saa nzima walikaa wakizungumza habari za mvua, na hakuna aliyesikiliza mvua. Hakuna kipele kilichotokea. Kidomo akachota kijiko kikubwa.

"Ulimi," alisema Bibi Buluu.

Kidomo alitoa ulimi. Ulikuwa na buluu.

"Kunywa maji."

Akanywa.

"Ulimi tena."

Ulikuwa wa waridi, safi, kama wa mtoto yeyote.

"Ah!" Kidomo alilalamika. "Mbona haikai? Nitashindaje?"

Bibi Buluu alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na glavu.

"Ndiyo kushinda kwenyewe, mjukuu wangu."

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku tisa. Yalikuwa mazuri. Sanduku la barafu likaanza kwenda kwenye geti la shule, na sasa watoto wanashindana nani atapasua shanga nyingi kwa ulimi bila kutumia meno. Wauza pipi wengine wawili wa mtaa huo walikuja kujifunza. Bibi Buluu huwafundisha Jumamosi, kwa sharti moja: wasome kila kifuniko kwa sauti, hata kama wanakokota silabi.

Kucha zake zinakua. Kwenye shina la kila ukucha pameanza kutokea rangi ya ukucha wa mtu.

Na kila siku ya soko, kabla ya kununua sukari, hupita kwa muuza rangi. Majuma ya mwanzo alikuta pipa limegeuzwa tena kuelekea ukuta. Hakugombana. Aliweka bega, akasukuma, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akasoma kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama. Juma lililofuata, vivyo hivyo. Na lililofuata.

Sasa hasukumi tena. Muuza rangi amechoka. Pipa linauza rangi ya nguo kwa wenye nguo, na maandishi yake mekundu yanatazama barabara.